Nakala ya Picha

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo walivyonena wazee wetu, nao walikuwa wakifikiri juu ya duka na shamba, mkopo na deni. Lakini iko mali nyingine isiyowekwa dukani wala kupimwa kwa mizani, nayo yahitaji daftari kuliko zote. Mali hiyo ni kumbukumbu ya sura za watu na mahali. Fedha ikipotea yaweza kuchumwa tena. Ng'ombe akifa aweza kununuliwa mwingine. Sura ya bibi aliyezikwa zamani haichumwi wala hainunuliwi. Ikitoweka katika macho ya wale waliomwona, imetoweka moja kwa moja.

Nyumba nyingi katika nchi yetu zina picha moja ya zamani. Imetundikwa ukutani, au imelazwa sandukuni chini ya nguo, au imefichwa katika kurasa za kitabu kitakatifu. Ni picha ndogo, nyeusi na nyeupe, na pembe zake zimekunjika. Mvua ipitayo katika paa bovu yaweza kuiharibu. Mchwa waweza kuila. Mtoto asiyejua thamani yake aweza kuichezea mpaka ikachanika. Msomaji, umepata kujiuliza itakuwaje siku picha hiyo itakapoharibika, nayo haina ya pili yake popote? Swali hili liliwashughulisha watu tangu siku za mwanzo za upigaji picha. Jawabu walilolipata ni nakala, na chombo kilichoifanya nakala kuwa kazi rahisi ni filamu. Habari ya chombo hicho ndiyo nitakayoieleza hapa, kwa sababu ndani yake mna funzo linalotuhusu sote.

Na tuanze na mtu mmoja ambaye jina lake halijulikani. Mwaka 1838, mjini Paris katika nchi ya Ufaransa, Louis Daguerre aliweka kamera dirishani ikatazama barabara iitwayo Boulevard du Temple. Barabara hiyo ilikuwa na pilikapilika nyingi za magari ya farasi na watu waendao kwa miguu. Lakini kamera ya siku zile ilihitaji dakika kadhaa ili ipate nuru ya kutosha, na kila kilichokuwa mwendoni hakikuacha alama yoyote. Magari yalipotea, watu wakapotea, barabara ikaonekana tupu kama ya mji uliohamwa. Mtu mmoja alisalia wazi. Alikuwa amesimama kando ya njia, mguu mmoja ameuinua, akisuguliwa viatu. Kwa kuwa alitulia, nuru ilimwandika. Aghalabu huhesabiwa kuwa ndiye mwanadamu wa kwanza kuonekana katika picha ya kamera, naye mwenyewe hakujua.

Daguerre aliipeleka picha ile kwa Mfalme Ludwig wa Kwanza wa Bavaria, na mwaka 1839 ilionyeshwa mjini Munich. Ilitunzwa huko kwa miaka mingi kama johari. Hata hivyo utunzaji haukutosha. Katika karne ya 20 ilipatwa na madhara, na jitihada za kuisafisha hazikuiponya bali zilizidi kuiharibu. Mtu yule wa barabarani angalikufa mara ya pili. Hakufa, kwa sababu moja tu: kabla ya maafa hayo, picha ile ilikuwa imekwisha kupigwa picha. Sura yake tuionayo leo katika vitabu yatokana na nakala. Kama mtu fulani asingalijisumbua kunakili kitu ambacho siku zile kilionekana kizima na salama, tusingalikuwa na cha kutazama.

Kwa nini picha ile ilikuwa moja tu? Sababu ni namna ilivyofanywa. Daguerre hakutumia karatasi. Alichukua bamba la shaba lililopakwa fedha, akalisugua likang'aa kama kioo, kisha akalifukiza kwa mvuke wa iodini ili liweze kuhisi nuru. Baada ya kulitia katika kamera na kulifungulia nuru, alilifukiza tena kwa mvuke wa zebaki, na sura ikatokea. Ilikuwa sura nzuri mno, yenye kuonyesha mpaka matofali ya ukuta. Lakini bamba lile lile lililokuwa ndani ya kamera ndilo lililokuwa picha. Halikuwa na mama wala ndugu. Mtu aliyetaka picha mbili alilazimika kukaa mbele ya kamera mara mbili, au kutafuta fundi alipige picha bamba la kwanza kwa bamba la pili. Ufundi huu ulitangazwa mjini Paris tarehe 7 Januari 1839, na siri yake ikafunuliwa kwa ulimwengu tarehe 19 Agosti mwaka ule ule. Kati ya tarehe hizo mbili Daguerre mwenyewe alionjeshwa uchungu wa vitu visivyo na nakala, maana tarehe 8 Machi moto uliiteketeza nyumba yake ya maonyesho pamoja na chumba chake cha kazi.

Wakati huo huo, ng'ambo ya bahari, Mwingereza mmoja alikuwa ameshika njia nyingine. Jina lake ni William Henry Fox Talbot, na makazi yake yalikuwa Lacock Abbey. Talbot alipaka karatasi chumvi na dawa ya fedha, akaitia katika kamera ndogo. Mwezi wa Agosti 1835 alipata sura ya dirisha la nyumba yake, lakini sura hiyo ilikuwa kinyume: palipokuwa na nuru pakawa peusi, na palipokuwa na giza pakawa peupe. Mtu mwingine angaliitupa karatasi ile kwa kuiona kuwa imeharibika. Talbot aliona zaidi ya hapo. Aling'amua kwamba karatasi ya kinyume ikilazwa juu ya karatasi nyingine yenye dawa, kisha zikaanikwa juani, nuru itapita mahali peupe na kuzuiwa mahali peusi, na kinyume kitapinduka kuwa sawa. Na kwa kuwa karatasi ya kwanza haipungui kwa kazi hiyo, yaweza kutoa picha ya pili, na ya tatu, na ya mia.

Sir John Herschel, mtaalamu wa nyota na dawa, ndiye aliyeipa sura ile ya kinyume jina lake, nasi leo twaiita negativu. Mwaka 1841 Talbot alijipatia hati ya kumlinda kwa ufundi wake uliokuwa umeongezewa nguvu, na kuanzia 1844 hata 1846 alitoa kitabu kwa sehemu, chenye picha halisi zilizogandishwa kurasani. Yafaa tukumbuke kwamba katika kitabu hicho hakuonyesha majengo na miti tu. Aliweka humo pia picha ya ukurasa wa kitabu cha kale, na picha ya mchoro uliochorwa na mtu mwingine. Kwa hiyo, tangu utoto wake, ufundi wa picha ulijulikana kuwa na kazi mbili: kushika kilichoko mbele ya macho, na kunakili kilichokwisha kushikwa na mkono mwingine.

Karatasi ya Talbot ilikuwa na upungufu mmoja. Nyuzinyuzi zake zilionekana ndani ya picha, na kwa hiyo sura haikuwa safi kama ya Daguerre. Mwaka 1851 Frederick Scott Archer, Mwingereza vile vile, aliondoa upungufu huo kwa kupaka kioo dawa yenye kunata iitwayo kolodioni. Kioo hakina nyuzi; sura yake ilikuwa safi, na nakala zake zilikuwa nyingi. Archer hakujichukulia hati ya kuuzuia ufundi huu kwa wengine. Aliutoa bure, watu wengi wakatajirika kwao, naye akafa maskini mwaka 1857. Tatizo lililobaki lilikuwa kwamba kioo kilipaswa kupakwa dawa, kupigwa picha na kusafishwa kabla dawa haijakauka, na hivyo mpiga picha wa safari alibeba hema la giza na chupa za dawa kila aendako. Mwaka 1871 Richard Leach Maddox alionyesha njia ya kutumia jelatini, na muda si muda bamba kavu likapatikana madukani. Kisha, mwaka 1889, George Eastman wa Marekani alianza kuuza filamu ya seluloidi, nyepesi, nyembamba, yenye kupindika bila kuvunjika. Hapo ndipo kioo kilipoanza kuipa filamu nafasi yake.

Hata kabla ya Eastman, dunia ilikuwa imekwisha kuona nguvu ya nakala iliyo nyepesi. Mwezi wa Septemba 1870 majeshi ya Waprusi yaliuzingira mji wa Paris. Njia zote zilifungwa. Watu wa mjini waliweza kupeleka barua nje kwa mabaluni yaliyochukuliwa na upepo, lakini upepo haurudi kwa amri ya mtu, na hapakuwa na baluni la kuleta majibu. Walioweza kurudi ni njiwa, kwa kuwa njiwa huijua nyumba yake. Lakini njiwa atabeba barua ngapi? Fundi wa picha René Dagron alikuwa na jawabu. Tarehe 12 Novemba aliondoka Paris kwa baluni lililoitwa Niépce, kwa heshima ya Mfaransa aliyepiga picha kabla ya Daguerre. Sehemu ya vyombo vyake ilipakiwa katika baluni la pili, lililoitwa Daguerre, nalo likaangushwa na adui na vyombo vikapotea. Dagron alinusurika, akakusanya alichoweza, akaanza kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Habari za watu zilipigwa chapa katika kurasa kubwa. Kurasa zikapigwa picha na kupunguzwa mpaka zikawa vijiandiko visivyosomeka kwa macho. Sura hizo zikawekwa juu ya utando mwembamba wa kolodioni uliobanduliwa. Utando mmoja ulichukua habari maelfu, na uzani wake haukufika hata sehemu moja ya kumi ya gramu. Tando kadhaa zilikunjwa, zikatiwa katika kijiti cha unyoya, na kufungwa katika mkia wa njiwa. Zilipofika Paris zilibanwa kati ya vioo, zikaangazwa kwa taa kubwa mpaka maneno yakaonekana ukutani, na makarani wakayaandika upya.

Sikilizeni sasa jambo lililo la maana kuliko yote katika habari hii. Njiwa wengi hawakufika. Wengine walikufa kwa baridi, wengine waliliwa na mwewe, wengine walipigwa risasi. Basi, wenye kazi hawakumwamini njiwa mmoja. Habari zile zile zilinakiliwa tena na tena, wakapewa njiwa wengine, ili mmoja akipotea, mwenzake afike. Vita vilipokoma mwezi wa Januari 1871, watu wengi waliozingirwa walikuwa wamepata salamu za jamaa zao, si kwa sababu kila njiwa alikuwa hodari, bali kwa sababu hakuna salamu iliyotegemea njiwa mmoja.

Huenda msomaji atauliza, je, kunakili picha kwa filamu kwafanywaje? Si kazi ya miujiza, lakini yataka uangalifu. Picha ya zamani hulazwa juu ya ubao ulio sawa, na kamera husimamishwa juu yake kwa nguzo, lenzi ikitazama chini wima kabisa. Kamera ikiinama hata kidogo, picha itatoka upande mmoja mpana na upande mwingine mwembamba. Taa mbili za nguvu sawa huwekwa kushoto na kulia, kwa umbali ulio sawa, nazo huangaza kwa mshazari ili mng'ao wa karatasi usirudi katika lenzi. Mafundi walikuwa na hila nyepesi ya kuhakikisha usawa huo: walisimamisha penseli katikati ya ubao na kutazama vivuli vyake viwili. Vivuli vikilingana kwa weusi, nuru imelingana. Kisha walichagua filamu ya mwendo wa polepole, kwa kuwa filamu hiyo ina chembe ndogo za fedha na hushika hata mistari myembamba. Baada ya mwaka 1925, ilipoanza kuuzwa kamera ndogo ya Leica itumiayo filamu ya milimita 35, kazi hii iliingia hata katika vyumba vya watu wa kawaida.

Zipo hatari mbili ambazo fundi wa nakala alipaswa kupigana nazo. Ya kwanza ni ugumu. Picha ikinakiliwa bila hadhari, weupe wake huzidi kuwa mweupe na weusi wake huzidi kuwa mweusi, na vile vivuli vya kati, ambavyo ndivyo vibebavyo uhai wa uso wa mtu, hutoweka. Dawa ya ugonjwa huu ilikuwa kuipa filamu nuru zaidi kidogo, kisha kuisafisha kwa muda mfupi kuliko desturi. Hatari ya pili ni madoa. Bamba za zamani ziliona rangi ya buluu zaidi ya rangi nyingine, na kwao rangi ya manjano ilikuwa sawa na giza. Kwa hiyo doa la chai juu ya picha lilitoka jeusi katika nakala. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Wilhelm Vogel aligundua kwamba rangi fulani zikitiwa katika dawa ya bamba huifundisha kuona rangi ambazo haikuziona kwanza. Kutokana na maarifa hayo zikaja filamu zenye kuona rangi zote. Fundi aliye na filamu hiyo huweka kioo cha manjano mbele ya lenzi, na doa la manjano hufifia kama lililofutwa. Na ikiwa sura yenyewe ndiyo iliyofifia ikawa ya manjano, hufanya kinyume: huinakili kwa nuru ya buluu, na sura iliyokuwa karibu kufa hupata nguvu. Hivyo basi, mara nyingine nakala yaweza kuonyesha waziwazi zaidi ya picha iliyonakiliwa. Mwana humzidi mzazi wake.

Hata hivyo nakala ina kasoro zake, nami sitazificha. Nakala ya nakala hupoteza kitu kila mara, kama habari ipitayo katika vinywa vya watu kumi. Tena, mkono unaoweza kuokoa waweza pia kusema uongo. Mtu akichora juu ya picha kwa brashi, alama za brashi huonekana. Lakini akiipiga picha ile iliyochorwa, nakala hutoka laini, na uongo hupata sura ya ukweli. Mfano wake watoka katika nchi ya Kisovieti. Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi ya siri, alipigwa picha akitembea pamoja na Stalin kando ya mfereji wa Moscow na Volga. Yezhov alipoanguka, akafungwa, na mwaka 1940 akauawa, picha ile ilitolewa upya. Mahali pake pakawa na maji matupu. Waliofanya hivyo walidhani wamemfuta duniani. Lakini picha ya kwanza ilikuwa imekwisha kuenea, na nakala zake zilisalia mahali ambapo mkono wao haukufika. Leo picha hizo mbili huwekwa bega kwa bega, na uongo hujihukumu wenyewe. Ndipo tujue kwamba nakala moja yaweza kudanganya, lakini nakala nyingi katika mikono mingi ni shahidi mgumu kununuliwa.

Sisi wa Afrika Mashariki si wageni katika habari hii. Kabla karne ya 19 haijaisha, wapiga picha kama A. C. Gomes na ndugu wa nyumba ya Coutinho walikuwa na kazi zao Unguja. Reli ilipojengwa kutoka Mombasa, kuanzia 1896 hata kufika ziwani mwaka 1901, William D. Young alipiga picha za kazi hiyo. Baadaye studio zilienea katika miji yetu, na humo kazi ya kunakili ilikuwa na heshima ya pekee. Mara nyingi mtu alipofariki, jamaa zake hawakuwa na picha yake ila ile ndogo ya cheti, ukubwa wa kidole gumba. Waliipeleka studioni. Fundi aliinakili kwa filamu, akaikuza, akasafisha mikunjo, na jamaa wakarudi nyumbani na sura kubwa ya kuweka matangani na kisha ukutani. Wajukuu wengi hawamjui babu yao ila kwa nakala kama hiyo.

Nchi nayo, kama nyumba, ina sanduku lake la kumbukumbu. Mwaka 1939 moto uliunguza ofisi kuu ya serikali mjini Nairobi, ukala hati nyingi za miaka ya mwanzo ya utawala wa kikoloni. Zilizokuwa na nakala katika wilaya au London ziliendelea kusomwa. Zilizokuwa peke yake zilikwisha. Serikali ya Kenya huru iliweka sheria ya hifadhi ya nyaraka za taifa mwaka 1965, na katika miaka hiyo hiyo ya 1960 hati nyingi za nchi yetu zilipigwa picha katika filamu ndogo, na nakala za filamu hizo zikapelekwa Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Hivyo hati iliyoandikwa na karani wa wilaya, ambayo mchwa mmoja angaliweza kuimaliza, ilipata pacha wake ng'ambo ya bahari.

Lakini hapa yatupasa tufikiri kwa makini. Kuna mkusanyo mkubwa wa picha za Afrika Mashariki, zaidi ya 7,000, za kati ya mwaka 1860 na 1960. Ulikusanywa na Mwingereza, Humphrey Winterton, na mwaka 2002 ukanunuliwa na Chuo Kikuu cha Northwestern karibu na Chicago. Hatuna haki ya kuwalaumu waliozitunza, maana kama wasingalizitunza huenda nyingi zisingalikuwapo. Walakini ni jambo la kutafakari kwamba mtoto wa Pwani atakaye kuona uso wa mji wake wa zamani aweza kulazimika kuutafuta Marekani. Nakala ni daraja katika jambo hili. Picha yenyewe yaweza kukaa mbali, lakini nakala yake yaweza kurudi nyumbani. Anayenyimwa picha na nakala vyote viwili ndiye aliyenyang'anywa.

Filamu nayo si ya milele. Ile ya kwanza, iliyofanywa kwa nitrati, hushika moto upesi na kuwaka kwa ukali, na hata isipowaka huoza yenyewe kwa muda. Ile iliyofuata, ya asetati, iliitwa filamu ya salama kwa kuwa haikuwaka hivyo, lakini ikiwekwa mahali pa joto na unyevu hunyauka na kutoa harufu ya siki. Kwa hiyo watunzaji huweka filamu mahali pakavu na pa baridi, nao huinakili filamu ya zamani juu ya mpya kabla haijafa. Katika karne hii ya 21 matumizi ya filamu yamepungua sana, na watu wengi hunakili picha kwa kamera za dijitali na kwa simu. Chombo kimebadilika, sheria hazikubadilika. Kamera bado yataka kutazama wima. Nuru bado yataka kulingana pande zote mbili. Na kitu kilichowekwa katika simu moja tu ni sawa na bamba la Munich: leo kipo, kesho hakipo.

Vijana wasomaji, kazi iliyobaki ni yenu. Ulizeni nyumbani ni picha ipi iliyo kongwe kuliko zote. Itoeni sandukuni kwa mikono mikavu. Waulizeni wazee majina ya waliomo, mahali walipokuwa, na mwaka uliokuwa. Mwandike hayo nyuma kwa penseli laini, bila kukandamiza, maana sura isiyo na jina ni nusu ya kumbukumbu. Kisha inakilini kwa uaminifu, msimwongezee mtu wala kumpunguza. Nakala moja na ikae kwenu, nyingine kwa shangazi, nyingine kwa ndugu aliye mji mwingine. Wala msiitupe ya kwanza kwa sababu mmepata ya pili.

Yule mtu wa Boulevard du Temple hakuacha jina. Na aliyeinama mbele yake, akisugua viatu, aonekana kwa shida, kivuli tu kilichochanganyika na vitu vingine. Watu wawili, mmoja aliyehudumiwa na mmoja aliyehudumu, walipita duniani bila mtu kuwauliza wao ni nani. Ile sura yao imetufikia kwa kuwa ilinakiliwa kwa wakati. Majina yao hayakutufikia kwa kuwa hakuna aliyeyaandika. Katika masanduku ya nyumba zetu wako watu kama hao, nao wangali na wajukuu wanaowajua kwa majina. Wajukuu hao wamezeeka, na wakati haungoji.